Mizani ya bucha hukaguliwa, geji ya upepo je?

Mwenye bucha katika soko la Kawangware akipima nyama kwa mizani isiyopigwa muhuri wa serikali, anajiweka katika hatari ya kufikishwa kortini. Mwenye kituo cha petroli kwenye Barabara ya Ngong naye hana budi kuruhusu pampu zake zikaguliwe, ili lita anayouza iwe lita kweli. Lakini hatua chache kutoka kwenye bucha hiyo, kando ya Barabara ya Naivasha, yupo fundi wa pancha mwenye kompresa, mpira mrefu na geji iliyofifia kioo, ambaye kutwa kucha hutia upepo katika magurudumu ya matatu, teksi, bodaboda na mikokoteni. Geji hiyo haina muhuri wa mtu yeyote. Aghalabu hata mwenyewe hawezi kueleza ilikaguliwa mara ya mwisho lini, kwa sababu haijawahi kukaguliwa tangu aliponunua.

Hali ni iyo hiyo upande wa pili, Kibera, kuanzia Makina hadi Olympic na kando ya njia inayoelekea Laini Saba. Mafundi wa pancha ni wengi, kazi yao ni ya haraka na bei yao ni ya chini. Bila wao, uchukuzi wa mitaa hii miwili ungekwama kabla ya saa tatu asubuhi. Abiria anayepanda matatu ya nambari 46 au 56 kutoka Kawangware, au ya nambari 8 na 32 kutoka Kibera, huuliza nauli na huuliza iwapo gari linafika mjini moja kwa moja. Upepo wa matairi haumhusu, au ndivyo anavyodhani.

Kwa hakika unamhusu sana. Gari halibebwi na mpira wa tairi. Hubebwa na hewa iliyomo ndani yake. Hewa ikipungua, mbavu za tairi hukunjika na kukunjuka kila gurudumu linapozunguka, na mkunjo huo huzaa joto. Gari likiwa limejaza abiria 14 na mizigo, likikimbia kwenye lami wakati wa jua, joto hilo huzidi kiasi ambacho nyuzi za ndani ya tairi zinaweza kustahimili. Matokeo yake ni mlipuko ambao magazeti huutaja kwa maneno mawili tu, “tairi lilipasuka”, kana kwamba ni ajali isiyo na chanzo. Upepo ukizidi, tairi hugusa barabara kwa sehemu ndogo ya katikati, breki hupoteza nguvu kwenye lami iliyolowa, na shimo moja latosha kulipasua tairi lililokazwa kama ngoma.

Kosa la geji kwa hiyo si jambo la kuchekesha. Chukua mfano wa gari dogo ambalo kiwanda kilipendekeza litiwe ratili 32 kwa kila inchi ya mraba, kile ambacho mafundi hukiita kwa ufupi “presha thelathini na mbili”. Ikiwa geji inazidisha kwa ratili tano, dereva anayeona 32 kwenye kioo ana 27 ndani ya tairi. Akikaa miezi miwili au mitatu bila kupima tena, huku tairi likipoteza hewa kidogo kidogo kama yafanyavyo matairi yote, atafika 25 au 24. Nchini Marekani, kiwango hicho cha upungufu wa robo nzima ndicho kinacholazimu taa ya onyo iwake mbele ya dereva katika magari mapya yote madogo yaliyotengenezwa tangu Septemba 2007.

Inafaa kukumbuka Marekani ilifikaje hapo. Mnamo Agosti 2000, kampuni ya Firestone iliyarudisha kiwandani matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer, baada ya vifo vingi vilivyotokana na matairi kubambuka na magari kupinduka. Mojawapo ya hoja zilizozusha ubishi mkali kati ya kampuni hizo mbili ilikuwa kiasi cha upepo: Ford ilikuwa imependekeza ratili 26, nayo Firestone ikashikilia kwamba 30 ndizo zilizofaa. Ratili nne tu. Tofauti hiyo ndiyo ambayo geji mbili za Kawangware hutofautiana pasi na mtu yeyote kushtuka. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka uo huo wa 2000, na vihisi vya upepo vikawa lazima hatimaye. Magari mengi ya mitumba yanayoteremshwa bandarini Mombasa kutoka Japan hayana vihisi hivyo. Jicho la pekee la dereva wa Nairobi linabaki kuwa geji ya fundi.

Je, geji hukosea vipi? Jibu linategemea aina yake, na mitaani aina ni tatu au nne.

Ipo ile ya kijiti, nyembamba kama kalamu, ambayo ikibanwa kwenye valvu husukuma nje kipande chenye tarakimu. Ndani yake mna pistoni ndogo na springi. Ni kifaa kinyenyekevu na cha bei nafuu, na ubaya wake uko kwenye springi hiyo hiyo: ikilegea kwa uzee, upepo mdogo huisukuma mbali, na geji husoma zaidi ya ukweli. Vumbi likiingia, au kile kiraka cha mpira kinachozuia hewa ndani kikikauka, pistoni hukwama njiani na geji husoma pungufu. Vumbi la Kibera wakati wa kiangazi halihitaji kuelezwa.

Ipo ya uso wa saa, yenye mshale. Ndani yake mna mrija wa shaba uliopinda kama mundu, ambao hewa ikiingia hujaribu kunyooka na kuvuta meno madogo yanayozungusha mshale. Ubunifu huo ulisajiliwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, enzi za injini za mvuke, na haujabadilika sana hadi leo. Geji ya namna hii ikiwa nzima ni sahihi kuliko ya kijiti, lakini haipendi kuangushwa. Nayo, kwenye kibanda cha pancha, huangushwa. Ikianguka kwenye saruji mshale huweza kuteleza kwenye mhimili wake, ukaonyesha ratili tatu hata pale geji isipobanwa popote. Geji inayoanza na tatu itasema 33 palipo na 30, na huyo ni mwongo mwenye adabu kwa kuwa uwongo wake haubadiliki. Dereva akiujua, atautoa na kuendelea na kazi. Aliye hatari ni yule ambaye mshale wake hurudi sufuri vizuri kabisa ilhali mrija wake umekwisha kunyooka kwa kutumiwa kupima presha kubwa kuliko uwezo wake. Huyo husema kweli kwenye ratili kumi na kudanganya kwenye sitini.

Ipo pia iliyoshikana na mpira wa kompresa, yenye kipini cha kubonyeza, na hapa ndipo makosa mengi ya mitaani yanapozaliwa bila geji yenyewe kuwa na hatia. Fundi anapobonyeza kipini, hewa hupita kwa kasi, na geji huonyesha presha ya mpira, wala si ya tairi. Mpaka akiachilie kipini na kungoja mshale utulie, hajapima chochote. Katika shughuli za asubuhi, magari matatu yakiwa yamepanga foleni na kondakta akipiga bati kwa kiganja, anayengoja mshale utulie ni nadra. Wengine hutazama geji ya tangi la kompresa na kuridhika nayo, jambo ambalo ni sawa na kupima homa ya mgonjwa kwa kumgusa muuguzi.

Na geji za umeme zenye tarakimu zimeanza kuonekana, zikiuzwa katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na kwa wachuuzi. Wengi huziamini kwa sababu huonyesha nukta: 31.5 huonekana kuwa na elimu kuliko 31. Nukta hiyo haina thamani ikiwa kihisi kilichomo ndani ni hafifu au betri inakaribia kwisha.

Kuna kisababu kimoja cha kosa ambacho huwahusu wakazi wa Nairobi kuliko watu wa miji mingi duniani, nacho ni kimo cha jiji. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoikandamiza Mombasa ina uzito wa karibu ratili 14.7 kwa kila inchi ya mraba, lakini Nairobi uzito huo ni kama 12 tu. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya hewa ya ndani ya tairi na hewa ya nje, kwa hivyo haisumbuliwi na jambo hili. Lakini zipo geji za uso wa saa zilizojazwa mafuta mazito ili mshale usitetemeke, zilizofungwa kabisa kiwandani katika miji ya pwani za mbali. Ndani ya kasha lake geji hiyo bado imebeba hewa ya ufuoni. Ikiletwa Kawangware bila kufunguliwa kile kizibo kidogo cha mpira kilicho juu yake, itasoma pungufu kwa takriban ratili 2.7, na dereva anayeitii atajaza upepo kupita kiasi. Mshale wake hauonyeshi dalili yoyote ya ugonjwa, maana hukaa umeegemea kwenye kijiti cha sufuri kana kwamba hakuna jambo.

Madereva wa masafa marefu nao wana fumbo lao. Tairi lililotiwa ratili 32 Mombasa adhuhuri, katika joto la nyuzi 31, likipandishwa Nairobi lingepaswa kusoma karibu 35, kwa sababu hewa ya nje imepungua. Hata hivyo likipimwa alfajiri Nairobi, katika baridi ya nyuzi 14, husoma 32 ileile. Baridi imekula kile ambacho kimo kiliongeza. Dereva huhitimisha kwamba hakuna kilichobadilika, na jua linapopanda hushangaa kuona geji “imeharibika”. Geji haijaharibika. Kila nyuzi tano au sita za joto huongeza takriban ratili moja katika tairi la gari dogo, na mwendo wa gari wenyewe huongeza zaidi. Ndiyo maana upepo hupimwa tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limelala au limetembea mwendo mfupi tu. Matatu iliyokwisha kufanya safari mbili za mjini na kurudi haiwezi kutoa jibu la kuaminika, hata ikipimwa kwa geji ya maabara. Anayepunguza upepo wa tairi lililo moto ili lirudi kwenye tarakimu iliyoandikwa mlangoni, kesho yake asubuhi atakuwa na tairi legevu.

Utatanishi mwingine unatokana na vipimo vyenyewe. Kibandiko cha mlangoni katika magari ya Japan huandika kilopaskali 220 au kilo 2.2 kwa kila sentimita ya mraba. Geji ya fundi huandika ratili au baa. Zote ni kitu kimoja, takriban ratili 32, lakini si wengi wanaojua kuzibadilisha. Wengine husoma tarakimu iliyochorwa kwenye ubavu wa tairi wakidhani ndiyo iliyopendekezwa, ilhali hiyo ni ya ukomo: presha ambayo tairi linahitaji likiwa limebeba mzigo wake wa juu kabisa. Tairi la matatu ya abiria 14 laweza kuandikwa 65 ubavuni. Tairi la gari dogo lililo jirani yake katika foleni halihitaji hata nusu ya hizo.

Hapa ndipo inapofaa kuwageukia wanaoumia zaidi. Mwendeshaji wa bodaboda, ambaye biashara yake ilipanuka sana tangu serikali ilipoondoa ushuru wa ziada wa thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, ana magurudumu mawili pekee. Pikipiki nyingi za kubeba abiria huhitaji ratili 25 hivi mbele, na 28 hadi 32 au zaidi kidogo nyuma kulingana na mzigo. Tyubu yake ni ndogo, hewa yake ni chache, na kila geji inapobanwa vibaya kwenye valvu ikatoa ule mlio wa “sss”, sehemu inayohesabika ya upepo huondoka nao. Geji iliyotengenezwa kupima hadi ratili 150 za malori, ambayo mara nyingi ndiyo pekee iliyopo kibandani, ina alama zilizobanana kiasi kwamba 25 na 30 hutenganishwa na unene wa mshale. Kumpimia mtu wa bodaboda kwa geji hiyo ni kubahatisha. Baadhi ya waendeshaji kwa hiyo wameacha geji kabisa na hupima kwa kidole gumba, au kwa kupiga teke. Teke haliwezi kutofautisha 22 na 30, lakini angalau halijidai kuwa tarakimu.

Msukuma mkokoteni wa kusafirisha maji au viazi sokoni yeye hutaka gurudumu gumu, kwani gumu hubingirika kwa urahisi, na tofauti hiyo huisikia mgongoni mwake kabla ya geji yoyote kuisema. Labda ndiye mtu pekee mitaani ambaye ana kipimo cha kuaminika.

Swali linaloibuka basi ni kama mwananchi wa kawaida anaweza kujua geji ipi inasema kweli bila kwenda maabara. Anaweza, kwa kiasi fulani. Aanze kwa kuipima tairi moja mara tatu mfululizo kwa geji ileile. Ikisema 30, kisha 34, kisha 29, kuna uchafu au msuguano ndani, au kichwa chake hakikai vizuri kwenye valvu, na haifai kitu hata kabla ya kulinganishwa na nyingine. Ikirudia jibu lilelile, hiyo ni dalili njema lakini si ushahidi, kwa kuwa mwongo mzoefu pia hurudia maneno yake. Hatua inayofuata ni kuilinganisha na nyingine mbili. Geji moja haina shahidi, mbili hugombana, tatu hupiga kura. Tena zilinganishwe kwenye viwango tofauti, tuseme 20, 30, 45 na 60, si kwenye kimoja tu. Tofauti ikibaki ileile kila mahali, mshale umeteleza na geji bado inaweza kutumika kwa anayejua dosari yake. Tofauti ikizidi kukua kadiri presha inavyopanda, springi au mrija umechoka, na mahali pa geji hiyo ni kwenye jaa.

Kura ya geji tatu ina kasoro yake. Zikiwa zote zimenunuliwa katoni moja, kutoka kwa mchuuzi mmoja, zaweza kukubaliana katika uongo. Lazima pawepo geji moja ambayo asili yake inajulikana.

Na hapo ndipo suala linapoacha kuwa la fundi na kuwa la serikali. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, imelenga hasa vifaa vinavyotumika katika biashara, pale bei inapotegemea kipimo: kilo ya nyama, lita ya petroli, mita ya kitambaa. Fundi wa pancha hauzi ratili za upepo. Anauza huduma kwa gurudumu, na bei yake ni ileile akitia nyingi au chache. Mnunuzi haibiwi hata senti moja geji inapokosea. Anachoweza kupoteza ni uhai, lakini uhai haumo kwenye risiti. Mantiki ya sheria inaeleweka, kwani ilitungwa kumlinda mnunuzi dhidi ya mfanyabiashara laghai. Hata hivyo, matokeo yake ni kwamba gramu hamsini za matumbo sokoni zina ulinzi ambao ratili tano za upepo hazina.

Askari wa trafiki hutazama kipara cha tairi, si upepo wake. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA) hukagua magari ya abiria, lakini ukaguzi huo ni wa siku moja, na upepo ni jambo la kila juma. Masharti yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, ambayo wengi huyaita sheria za Michuki kwa jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, yaliweka vidhibiti mwendo na mikanda katika matatu na kuyawekea magari kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Yalikuwa na manufaa yasiyopingika. Lakini kikomo cha mwendo hudhania kwamba tairi linaweza kuhimili mwendo huo, na dhana hiyo inategemea geji ya kibandani.

Si kwamba dunia haijalifikiria jambo hili. Shirika la kimataifa linaloshughulikia sheria za upimaji, OIML, lina pendekezo maalumu kuhusu geji za matairi ya magari, nayo iliyokuwa Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya ilitoa mwongozo wake mwaka 1986. Kosa linaloruhusiwa humo ni dogo: baa 0.08, yaani ratili moja na nukta kidogo, kwa presha ya hadi baa nne, na mara mbili ya hizo kwa presha ya kati ya baa nne na kumi. Kwa kipimo hicho, geji ya gari dogo inayokosea kwa ratili mbili imefeli.

Nairobi yenyewe haikosi uwezo. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), lililoundwa chini ya sheria ya 1974, lina maabara za upimaji katika makao yake makuu South C, kilomita chache tu kutoka Kibera. Geji hupimwa huko kwa mtambo ambao hauna springi wala betri: vyuma vyenye uzito unaojulikana huwekwa juu ya pistoni ya upana unaojulikana, na presha inayopatikana haina ubishi. Geji ikitoka hapo huwa na cheti kinachoonyesha inakosea kiasi gani na wapi. Viwanda na hospitali hutumia huduma za namna hiyo.

Itakuwa rahisi basi kupendekeza kwamba kila geji ya pancha ipigwe muhuri kama mizani. Pendekezo hilo linapendeza kwenye karatasi, na pengine lingeleta madhara zaidi ya manufaa. Fundi wa kando ya njia tayari huishi kwa hofu ya askari wa kaunti. Muhuri wa lazima ungekuwa sababu mpya ya kumfukuza au kumdai “chai”, na asiyeweza kuulipia angeficha geji mfukoni na kurudi kwenye teke. Maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti wana masoko mengi ya kukagua, na haionekani kama wangepata muda wa kuzunguka vibanda vyote vya Gatwekera na Gatina.

Njia iliyo nyepesi zaidi iko kwa wenye magari. Tangu mwisho wa 2010, serikali ililazimu matatu ziwe chini ya vyama vya akiba na mikopo au kampuni, na vyama hivyo vina ofisi, viongozi na daftari za michango. Chama kimoja chenye magari kadhaa ya Kawangware kinaweza kununua geji moja nzuri, kuipeleka South C mara moja kwa mwaka na kuiweka ofisini ndani ya sanduku lake. Geji hiyo isitumike kujazia upepo kamwe, wala isiazimwe. Kazi yake iwe moja tu: kila Jumatatu alfajiri, kabla ya safari ya kwanza, geji za madereva na za mafundi wanaowahudumia ziletwe zilinganishwe nayo kwenye tairi moja baridi. Inayotofautiana kwa ratili mbili iandikwe kwa wino dosari yake, inayoyumbayumba itupwe. Gharama ya zoezi hilo kwa mwaka, ikigawanywa kwa magari yote ya chama, ni sehemu ndogo ya bei ya tairi moja jipya.

Wapo wamiliki watakaosema kwamba dereva ndiye anayewajibika. Lakini dereva wa matatu nyingi za mitaa hii hufanya kazi kwa kiwango cha fedha anachopaswa kumpelekea mwenye gari jioni, na dakika kumi za kupima matairi sita hutoka kwenye mlo wake. Mwenye gari ndiye anayenunua tairi na ndiye anayelipia mafuta. Makadirio ya serikali ya Marekani ni kwamba kila ratili moja inayopungua katika matairi yote huongeza matumizi ya petroli kwa takriban asilimia 0.2. Kwa gari linaloshinda barabarani kuanzia alfajiri hadi usiku, upungufu wa ratili tano ni asilimia moja ya mafuta ya mwaka mzima.

Kwa upande wa bodaboda mpango huo ni mgumu kidogo, kwa kuwa waendeshaji wengi wamejipanga kwa vituo, si kwa kampuni. Hata hivyo vituo vingi vina mwenyekiti, mweka hazina na mchango wa kila siku au kila wiki, ambao kwa kawaida hutumika kwa mazishi, hospitali na kumtoa mwenzao korokoroni. Geji ndogo ya kufikia ratili 60, ambayo alama zake zinasomeka vyema kati ya 20 na 40, yaweza kununuliwa kwa mchango wa siku chache na kuwekwa kwa mwenyekiti. Nayo ikalinganishwe mara kwa mara na ile ya chama cha matatu kilicho jirani, iwapo viongozi wa pande hizo mbili, ambao hugombania abiria walewale kuanzia Dagoretti Corner hadi Toi, watakubali kukutana mbele ya tairi moja.